Hadithi za Kimarekani Mlangoni pa Mama Mdogo

Kila mwaka baridi inapoanza, siku ninapowasha hita kwa mara ya kwanza, vumbi lililolala juu ya chuma miezi yote ya joto huungua kidogo na nyumba nzima hunuka. Wenzangu mliolelewa Landani mnaijua harufu hiyo. Mume wangu huifurahia, husema nyumba imeamka. Mimi hunirudisha kwenye korido ya nyumba yetu ya Barking, kwenye zulia la kahawia lililochakaa katikati, mbele ya mlango mweupe uliofungwa. Nimekaa chini, kitabu mapajani, nikisubiri aliyemo ndani aniambie niendelee.

Kitabu chenyewe alikinunua mama. Alikuwa akifanya kazi ya kea, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, na siku hiyo akirudi alipita duka la chariti, la vitu vya mitumba, akakiona. Juu ya jalada palichorwa nyumba ya mbao katikati ya shamba la mahindi, na dirisha moja la juu lina taa. Mama alidhani ni hadithi za wakulima.

"Kasome," aliniambia, "ukue na akili."

Hazikuwa za wakulima. Zilikuwa hadithi fupi za kutisha za Wamarekani wa zamani. Ndani yake kila nyumba ina chumba kisichofunguliwa na kila familia ina mtu asiyetajwa. Kulikuwa na moja ya mhubiri aliyezama mtoni, na kila Jumapili anarudi kanisani kwake, anakaa benchi la nyuma huku maji yakimchuruzika. Waumini wote wanamwona. Hakuna anayesema neno, kwa adabu tu, na mwishoni mwa ibada mwanamke mmoja anapiga deki. Niliisoma nikiwa ndani ya basi na nikapitiliza kituo changu.

Nilikuwa nimezisikia hadithi za majini tangu mdogo. Bibi akipiga simu kutoka Pemba alikuwa hodari wa kuzisimulia. Lakini jini wa bibi alitoka nje. Alikuwa na jina na kabila, ana kitu anachokitaka, na ukimpa anaondoka. Kitisho cha Wamarekani hakikutoka popote. Kilikuwamo ndani tangu mwanzo, kilikuwa jamaa, na hakikutaka kitu chochote ila watu wa nyumba ile waache kujifanya hawakioni. Hilo ndilo lililonivuta. Nilikuwa na miaka kama tisa, na nyumba yetu ilikuwa hivyo hivyo.

Mama mdogo Rukia, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuwa akikaa Lewisham na mumewe. Kiangazi kile nilimwona ana tumbo kubwa. Alinishika mkono akauweka hapo nisikie mtoto akicheza, akaniambia huyo atakuwa mdogo wangu. Majani yalipoanza kuanguka, baba alimleta kwetu kwa gari la kuazima. Alitembea katikati ya baba na mama kama mtu anayekanyaga barafu. Tumbo halikuwapo. Mtoto hakuwapo. Wakamwingiza chumbani kwangu, mlango ukafungwa, na mimi nikahamishiwa kwenye sofa la sebuleni.

"Mama mdogo hajisikii vizuri," mama alisema. "Usimsumbue."

Sikuambiwa jingine, na sikuuliza. Katika kile kitabu hakuna mtoto aliyeuliza likamfika jema.

Sahani ya chakula iliingia na kutoka vilevile ilivyoingia. Jioni mama alifukiza udi kwa chetezo mbele ya mlango, akisoma dua kwa sauti ya chini. Mapazia ya chumba kile hayakufunguliwa, nilikuwa nikiyaona kutoka barabarani nikirudi skuli. Na wageni walipokuja wakamuulizia, mama alimimina chai akasema, "Rukia? Kaenda Unguja kupumzika."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Ukuta mmoja tu ulitutenga na Rukia. Nikamtazama mama, mama hakunitazama. Nikakumbuka hadithi ya hakimu aliyewaambia wageni kuwa binti yake amesafiri kwa shangazi, na binti alikuwa chumba cha juu, amekwishakufa tangu mwaka wa kabla, wanampelekea chakula.

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mama mdogo alikuwa maiti.

Ushahidi niliupata wiki ile ile. Nilirudi skuli mapema, nikafungua mlango wa nje kwa ufunguo wangu, nikamkuta anatoka bafuni. Alikuwa amevaa gauni jeupe la kulalia, miguu mitupu, nywele zimesimama. Kifuani pake gauni lilikuwa limelowa, duara mbili, na tone moja likaanguka juu ya zulia. Alinipita kama sipo. Mlango ukafungwa. Nikabaki nimesimama na begi mgongoni, nikimfikiria yule mhubiri wa benchi la nyuma na maji yake. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu kifuani, nilipokuja kujua siku moja, kwa ghafla, kuwa yale yalikuwa maziwa.

Mtu angedhani ningemkimbia. Lakini baba alikuwa dereva wa basi, zamu zake hazina mpangilio, na mama hakufika nyumbani ila jioni. Kutoka skuli mpaka hapo tulikuwa sisi wawili tu. Hita ya sebuleni ilikuwa mbovu, ya korido ndiyo iliyofanya kazi. Baridi ile, saa kumi jioni jua limekwishakuchwa. Nikawa nakaa koridoni kwa ajili ya joto, na kwa kuwa sikuthubutu kuupa mlango ule mgongo, niliukabili. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu kimya cha nyumba kilikuwa kibaya zaidi kuliko hadithi.

Siku moja nilisoma hadithi ya mwanamke mjane aliyekuwa akisikia mtu akishona juu ya dari yake. Nikafika mahali anapopanda ngazi na mshumaa. Hapo nikaogopa, nikanyamaza.

Nyuma ya mlango, karibu kabisa, chini kama mtu aliyekaa sakafuni naye, sauti ikasema, "Halafu?"

Sikupiga kelele. Sauti yangu haikutoka. Nilirudi nyuma mpaka ukuta ukanigusa mgongo.

"Halafu?" ikauliza tena. "Sifahamu Kiingereza chote hicho. Nambie kwa Kiswahili."

Nyinyi mnajua tulivyokuwa. Kiswahili tulikisikia asubuhi mpaka jioni na tukajibu kwa Kiingereza, na wazazi wakachoka kutukosoa. Mimi sikuwahi kusema sentensi tatu mfululizo. Lakini maiti akikuomba jambo, huwezi kumwambia hujui.

"Mwanamke," nilianza, "anasikia... mashini ya kushona. Juu ya nyumba."

"Cherehani," ikasema sauti. "Darini."

"Anasikia cherehani darini. Mtoto wake ameku... alikufa. Mtoto wa kike. Zamani. Na mtoto alipenda kushona."

Hita ikagonga ndani kwa ndani.

"Halafu?"

"Anakwenda juu. Hakuna mtu. Kuna gauni tu, nusu. Halijaisha. Ni kubwa kwa mtoto aliyekufa. Mwaka mwingine anasikia tena, anakwenda, kuna gauni jingine. Kubwa zaidi."

Nilisikia pumzi yake kwenye upenyo wa chini ya mlango.

"Kumbe wanakua," alisema.

Baada ya hapo ikawa desturi. Nikirudi skuli, navua viatu, nakaa mahali pangu, nagonga mara moja. Yeye hakufungua mlango, wala mimi sikutaka aufungue. Nilisoma kimya ukurasa mmoja, nikausimulia kwa Kiswahili, na maneno niliyokosa akanipa kutoka upande wa pili: kaburi, jeneza, mjane, ukungu, kisima, kunong'ona. Kiswahili changu kilianzia huko. Mpaka leo nikifika kijijini kwa mama watu hunicheka, wanasema natumia maneno mazito mno kwa mambo mepesi.

Nilipomweleza ile ya mhubiri, alicheka. Ulikuwa mcheko mdogo wa puani, lakini niliusikia.

"Na kanisa zima wananyamaza?"

"Ndiyo. Kwa adabu."

"Hao si Wamarekani," alisema. "Hao Wapemba."

Kwa nini alizipenda hadithi hizo? Nimejiuliza mara nyingi, maana watu wa kwetu wangesema mgonjwa asomewe vitu vya kumpa moyo. Nadhani kabla ya kuletwa kwetu jamaa walimpa moyo mpaka akachoka. Ndugu zake walimpigia simu wakamwambia subiri, Mungu atakupa mwingine, wewe bado kijana, sahau. Kitabu changu hakikumwambia mtu asahau. Ndani ya kitabu kile waliokufa walikuwa na mahali pao mezani, na aliyewasikia hakuwa mwendawazimu, ndiye peke yake aliyekuwa na masikio. Tena zilikuwa fupi. Mtu asiyeweza kuimaliza sahani ya wali aliweza kuimaliza hadithi moja kabla mama hajafungua mlango wa nje.

Ile ya cherehani aliitaka tena na tena. Nikaizoea mpaka nikaacha kufungua kitabu. Kila mara nilipofika kwenye gauni, alikuwa akiuliza limekuwa kubwa kiasi gani, nami nikaonesha kwa mikono, ingawa hakuniona.

Baridi ikapungua, jua likaanza kuchelewa. Jioni moja nilipomaliza, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Wangu sasa angekuwa anakaa."

Kiswahili changu kilikuwa kimepiga hatua, lakini hakikufika hapo. Ile "ange" ilinipita kama upepo. Nilichokipata ni "wangu", na "sasa", na "anakaa".

Kwa hiyo mtoto yumo. Yumo humo ndani tangu siku ile, amekuwa akikua kama yule wa darini, na sasa ameanza kukaa. Ndiyo maana mapazia hayafunguliwi. Ndiyo maana sijawahi kumsikia akilia, kwa kuwa wa namna hiyo hawalii. Na cha ajabu ni kwamba khofu iliniondoka. Nilikuwa nimeahidiwa mdogo wangu na kumbe nilikuwa naye ukuta wa pili muda wote. Kuanzia siku hiyo nilipokuwa nikisimulia niliweka sikio ubaoni, nikasikia kweli vitu vikisogea. Nilitenga dubu wangu wa kitambaa, nikamfua kwenye sinki, nikamkausha juu ya hita. Niliamua nitampa siku ya Idi.

Idi ilipofika nyumba yetu ilijaa harufu ya biriani na marashi. Walikuja wanawake watano sita, wengi nawajua kwa sura tu. Mkubwa wao alikuwa Bi Riziki, mwanamke mrefu wa Chake, kule Pemba, aliyekuwa akisafisha maofisi usiku na kuwaosha maiti wa kike mchana wakihitajika. Watu walimheshimu na kumwogopa kidogo. Nilimpa mkono, nikamwamkia, akanikalisha karibu naye.

"Na huyu," alimuuliza mama, "ndiye yule asiyesema Kiswahili?"

"Anakielewa," mama alisema kwa haya. "Kusema ndiko hataki. Watoto wa huku, Bi Riziki."

Nilikuwa na gauni jipya. Nilikuwa na miezi ya maneno moyoni ambayo hakuna aliyeyajua. Mwanamke mmoja alikuwa akimuuliza mama, "Na Rukia huko Unguja, hajambo?" na mama alikuwa keshafungua mdomo kujibu, nami nikamtangulia, kwa Kiswahili safi, polepole, nikitamka kila herufi.

"Mama mdogo hakwenda Unguja. Yumo chumbani. Na mtoto wake yumo. Sasa anakaa."

Nilisubiri wanipongeze.

Mtu mmoja alisema "Audhu billahi" chini chini. Kikombe kiliwekwa juu ya sahani yake na kikalia. Wote walijua, mimi peke yangu nilikuwa sijui, kuwa mtoto yule alizaliwa hana roho, akazikwa na baba yake na wanaume wengine siku ya pili mama yake akiwa bado hospitali, na kwamba mama yake hakuoneshwa maiti, kwa kudhani ndiyo huruma. Baba wa mtoto naye alirudi Unguja na hakupiga simu tena. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umeondokewa na damu, na macho yake hayakunikasirikia, yaliniogopa. Alikuwa akinitazama kama mimi nilivyoutazama mlango ule.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Kila siku tunazungumza."

"Rukia hazungumzi," mama alisema. "Tangu alipokuja hajasema neno na mtu."

Kisha Bi Riziki akaweka chini sahani yake, akaukung'uta ukaya wake wa kichwani, akanyanyuka. Hakumuuliza mtu njia. Alikwenda moja kwa moja mpaka koridoni, na kwa umri wake na magoti yake akajishusha akakaa pale pale ninapokaa mimi.

"Rukia," alisema. Hakubisha hodi. "Mimi Riziki. Walionifia mimi wawili. Mmoja nimemwacha Chake, mmoja yuko hapa hapa Landani. Wa Chake nilimwona. Wa hapa walinificha. Mpaka leo, mwanangu, yule niliyemwona amelala, na yule wasiyenionesha hajalala."

Tulikuwa tumejazana mlangoni mwa sebule. Nikasikia kitasa.

Mama mdogo alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alisimama pale amejishika ukuta, macho ameyafinya kwa mwanga, na Bi Riziki akamshika kifundo cha mguu, basi, kwa kuwa hapo ndipo mkono wake ulipofika. Hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti, mbele za watu.

Mimi nilipita katikati yao. Nilikuwa na dubu wangu. Niliingia chumbani nikatazama juu ya kitanda, nyuma ya pazia, chini ya kitanda, ndani ya kabati. Kulikuwa na hewa nzito na mto mmoja sakafuni karibu na mlango, pale alipokuwa akikaa kunisikiliza.

"Yuko wapi?" nilisema. "Ulisema anakaa."

Mama mdogo alinitazama, na alielewa kabla ya wote. Akaja akapiga magoti.

"Nilisema angekuwa, mwanangu. Angekuwa anakaa."

Ndipo nilipolijua neno lile. Wengine wote walikuwa na miezi ya kumlilia mtoto yule au kumnyamazia. Mimi alinifia saa ile, mchana wa Idi, na nilimlilia kama mtu anayemlilia maiti wa siku hiyo hiyo, mpaka wanawake wakaja kunishika. Mama mdogo alilia pamoja nami. Mama aliniambia baadaye kuwa hicho ndicho kilio chake cha kwanza tangu hospitali.

Hakupona siku ile. Aliandikiwa dawa, akapata mtu wa kuzungumza naye pamoja na mkalimani, akarudi nyuma mara kadhaa na mlango ukafungwa tena, lakini haukuwa ukifungwa kwa ufunguo. Mapazia yalifunguliwa. Mama aliacha kusema Unguja. Siku hizi mama mdogo ana nyumba yake na mume mwingine na wavulana wawili wakubwa, na akija kwangu huenda kwenye rafu ya vitabu akaniuliza kama nimepata chochote kipya cha "wale Wamarekani wako".

Lakini kabla ya yote hayo, wiki chache baada ya Idi, Bi Riziki alikuja kumchukua ili ampeleke makaburini. Mama mdogo alisema haendi bila mimi. Tulipanda mabasi mawili. Mvua ilikuwa imekatika, nyasi zililowa, na sehemu ya watoto ilikuwa upande wa ukuta, vilima vidogo vidogo, vingine vina vichezeo vilivyopauka. Bi Riziki alikuwa ameulizia mapema, akatupeleka bila kupotea. Kijiti cha mbao, jina la baba yake, na neno la Kiingereza la mtoto mchanga wa kike.

Mama mdogo alisimama sana. Kisha akachuchumaa, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya udongo kama watu wanavyompima mtoto homa. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Alipomaliza aligeuka kwangu.

"Msemeshe na wewe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Ila kwa Kiingereza." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Kazaliwa hapa, huyu. Kiswahili hatofahamu."

Nikachuchumaa karibu naye. Nilijua hadithi nyingi za makaburi, na hakuna hata moja iliyonijia. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia kuwa mimi ni dada yake mkubwa, na kwamba mama yake ndiye huyu hapa.